Msemaji Wetu na Chanjo ya Pili

Msemaji alikuwa haanzi neno lolote la maana kabla hajala. Ungemwendea na shida ya moto, angekuuliza kwanza kama umepita jikoni. Nilipomfahamu nilidhani ni ulafi tu, na kwa vile mimi ni Mluhya, watu wanaosingiziwa ulafi wa kuku nchi nzima, nilifurahi kumpata Mkikuyu wa kunisitiri. Miaka ilipopita nikagundua kwamba wakati sisi tunamwona akitafuna, yeye alikuwa ameshaanza kazi. Alikuwa akiangalia nani anamkatia nani nyama, nani hagusi sahani, nani anatazama simu kwa kuiba. Akimaliza kulamba vidole, nusu ya mambo alikuwa ameshayajua.

Jina la Msemaji lilitokana na kazi aliyoufanyia mtaa wetu wa Gitothua, hapa Ruiru, kwa kupenda tu. Kwa Wakikuyu, siku ya ruracio, yaani yale mazungumzo ya mahari, baba wa kijana hasemi, na kijana mwenyewe ndiye kabisa hafungui mdomo. Anatafutwa mtu wa kuisemea familia. Yeye ndiye aliyetafutwa. Kazi yake nyingine, ile ya kuvaa tai, ilikuwa uwakili wa serikali: aliandika na kujadili mikataba ya kununua dawa. Alikozaliwa sikujui, na mambo ya ukoo wake atayasimulia anayeyajua. Mimi nitasema niliyoyaona.

Nilikutana naye kwa sababu ya mapenzi. Nilikuwa nimetoka Kakamega kuja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo Thika, nikampenda Njeri, binti wa mkulima wa Murera. Nyumbani kwetu waliposikia natakiwa kupeleka wazee kwa Wakikuyu, walitaharuki kama watu walioitwa mahakamani. Njeri ndiye aliyesema yuko mtu Gitothua ambaye husema vizuri. Nikamuuliza kama Mkikuyu atakubali kuwasemea Waluhya mbele ya Wakikuyu wenzake. Akasema nijaribu, mradi nimpeleke pahali pa nyama kwanza.

Alikubali, na siku yenyewe mambo yalikwenda vizuri mpaka pale baba yangu mdogo alipojisikia ameshiba na kuamua kushukuru. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa sauti ya kanisani, "Sisi tunashukuru sana. Tumemaliza. Kutoka leo hakuna mtu anadai mtu hapa."

Kina mama waliokuwa wakiimba karibu na jikoni wakaacha katikati ya wimbo. Kwetu maneno yale ni ya heshima. Kwao mahari haimalizwi. Mkwe anayesema amemaliza ni kama amesema amenunua, amebeba, na njia ya kurudi hapa ameisahau. Nilimtazama baba mkwe, mtu mrefu mwenye mikono ya jembe, nikaona uso wake umefungwa. Nikajua mke nimeshamkosa.

Msemaji hakusimama hata kidogo. Alisema, "Mgeni wetu anasema amemaliza chai, na hakuna mtu anamdai kikombe. Mama, si umuongezee?"

Baba mkwe ndiye aliyecheka wa kwanza. Baba yangu mdogo aliongezewa chai, akaongezewa tena, akanywa mpaka jasho likamtoka, na mpaka leo haelewi kwa nini Wakikuyu wale walimpenda hivyo. Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza Msemaji kwa nini hakumwambia kwamba amekosea.

"Sababu ya kwanza, ni mgeni," akasema. "Ya pili, hakukosea. Amesema ya kwao. Ya tatu, wewe ungelala bila bibi."

Ndivyo alivyokuwa. Kila jambo lilipewa sababu tatu, na waliomzoea walikuwa hawasikilizi zile mbili za kwanza. Ukimuuliza mbona amepaka lango rangi ya kijani, sababu ya kwanza ni kutu, ya pili ni kwamba kijani hakishiki vumbi, na ya tatu ni kwamba kopo lilikuwa limebaki kanisani. Mama mkwe alipenda sana mchezo huo. Msemaji akifika Murera, angemwuliza swali la kijinga makusudi, akae na kitambaa chake begani akingojea zije zote tatu.

Huyo mama mkwe ni lazima nimweleze, maana bila yeye hadithi hii haipo. Kwetu mkwe wa kiume hampi mama mkwe mkono. Hamkai kwenye kiti kimoja, hamli sahani moja, mnaheshimiana kwa mbali. Wakikuyu wa siku hizi hawayashiki sana hayo, lakini Njeri alimweleza mamake, na mama akayafuata kuliko hata sisi wenyewe. Nikifika, alikuwa anasimama upande wa pili wa uwanja na kuniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, "Baba Shiru, umeamka?" Nami nilijibu kutoka langoni. Tulipendana hivyo, kwa sauti. Korona ilipokuja na serikali ikakataza watu kupeana mikono, alicheka sana. "Haiya," alisema, "sasa dunia nzima imekuwa wakwe wangu."

Korona hiyo ndiyo iliyomwingiza Msemaji katika kazi iliyombadilisha. Aliwekwa katika kundi la kutafutia nchi chanjo, kujadiliana na wenye viwanda na kuingia katika mpango wa pamoja wa mataifa. Kabla ya hapo alikuwa akijadiliana na watu anaowaona. Hata katika mambo ya mahari, siku chache kabla, alikuwa anamtafuta msemaji wa upande wa pili, wanakaa kwenye bucha moja hapa Ruiru, wanakula choma, na hakuna anayetaja mbuzi hata mmoja. "Huyo nimeshakula naye," alikuwa akisema, "hawezi kunishtua." Sasa akajikuta mezani kwake, shati na tai juu, kaptura chini, akiongea na kompyuta.

"Wanataka nijadiliane na nani hapa?" aliniuliza siku moja kwenye ua, kila mtu na barakoa yake. Wakati huo tulikuwa tumepanga nyumba jirani naye. "Mtu anazima kamera, naona herufi mbili za jina lake. Siwezi jua kama amekasirika ama ameenda choo."

Aliyoruhusiwa kusema aliyasema, kwa sababu yalikuwa kwenye magazeti. Alisema nchi tajiri ziliagiza chanjo hata kabla haijajulikana kama itafanya kazi, na nyingine ziliagiza nyingi kuliko watu wao. Alisema lipo kapu moja la nchi zote, kama chama cha kina mama, ambapo ilikubaliwa kila nchi ipate kidogo kwanza kabla yeyote hajarudia. Kapu hilo alilipenda. Alilisema kama mtu anayesema habari za mtoto wake. Kilichomuudhi ni kwamba wale wale waliochangia kapu walikuwa wakipita mlango wa nyuma. "Mkono huu unaweka mchango wa chama," alisema, "na ule mwingine umeshalipia duka lote."

Jumapili moja huko Murera alijaribu kumweleza baba mkwe ubaya wa jambo hilo kwa hao matajiri wenyewe, kwamba ugonjwa ukibaki kwa wengine utawarudia. Alieleza kwa muda mrefu. Baba mkwe, ambaye amefuga ng'ombe maisha yake yote, akasema, "Si ni josho tu? Ukiosha zako, na za jirani zibaki na kupe, umeosha nini?" Msemaji alifurahi mno, akalichukua neno hilo kama lilivyo hadi kwenye mkutano wa mataifa. Alieleza josho, akaeleza kupe, akaeleza ua kati ya boma na boma. Alipomaliza, bwana mmoja wa upande wa pili akamwuliza kwa adabu sana kama nchi yetu inaomba pia chanjo ya ng'ombe, kwa sababu hiyo ina idara yake. Msemaji alitusimulia hayo akacheka mpaka akakohoa, na siku hizo mtu akikohoa hata rafiki zake walikuwa wanasogea.

Nisimfanye malaika. Kamati ya mtaa ilipotaka kufunga lango letu la Gitothua ili wageni wasituletee ugonjwa, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wake. Mama mboga akaachwa nje na kikapu chake. Mtu aliyekuwa mchana kutwa akilia kwamba mataifa yanajifungia chanjo, jioni alikuwa na ufunguo wa kufuli mfukoni. Nilimwambia hivyo, naye akanijibu kwa sababu tatu ambazo zote zilikuwa za uongo. Baada ya siku chache, nyumba nzima ikila kabichi iliyonyauka, nilimwona akienda langoni polepole kufungua. "Ni rahisi sana kuwa nchi tajiri," aliniambia alipokuwa anarudi. "Unahitaji kufuli tu."

Na maparachichi pia. Nyuma ya nyumba yake ulikuwepo mti unaozaa vibaya sana, matawi yanainama, na hakuna aliyeruhusiwa kuchuma. Aligawa yeye mwenyewe, na kila mara yalipokuwa yamelainika kiasi cha kushikwa kwa mikono miwili. Baadaye, nchi tajiri zilipoanza kutuletea chanjo walizozibakiza, zikiwa zimekaribia kuharibika, nilimwambia hayo ndiyo maparachichi yake. Alikasirika. Kesho yake alituma mfuko wa maparachichi magumu kama mawe, ambayo hayakuiva kamwe.

Lakini alijua kuwapatanisha watu. Miezi ya baadaye, nchi za jirani zilipoanza kuzungumzia kununua kwa pamoja, walikuja hapa wajumbe wa nchi mbili ambao kila upande ulitaka uandikwe wa kwanza kwenye mgao. Walikuwa wamegombana siku nzima. Msemaji aliwaleta Thika, akawapitisha Chania waone maporomoko, halafu akawaketisha na kuagiza sinia moja la nyama, bila sahani. Alinisimulia kwamba walitazamana kwanza. Kisha wa huku akamsogezea wa kule mbavu, wa kule akarudisha figo, na kabla ya kunawa mikono walikuwa wamekubaliana kupokea siku moja. Mmoja wao alikuwa hali nyama kabisa, na Msemaji alisema huyo ndiye aliyepata zaidi, maana kila mtu alimwonea huruma.

Sasa nitasema lile ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Mama mkwe alipata chanjo ya kwanza mapema, kwa sababu ya umri na kwa sababu alikuwa na sukari. Aliandikiwa kwenye kadi siku ya kurudi kwa ya pili. Ndugu yake, huko Kandara, alikuwa na ruracio ya kijana wake, na kwa kumheshimu dada akaweka sherehe majuma machache baada ya siku ile ya kwenye kadi. Siku ikafika. Mama akaenda zahanati, akaambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi, akaambiwa wiki ijayo. Sherehe ikawa imekaribia.

Jumapili hiyo nilikuwa nimempeleka Msemaji Murera. Mama alikuwa ameketi barazani, baba mkwe karibu naye akitengeneza mpini wa jembe, mimi kwa mbali inavyonipasa. Mama akamwuliza waziwazi.

"Msemaji, wewe ndiye unaongea na wenye kuleta. Hii ya pili iko njiani ama haiko? Kama inakuja hizi siku, mimi naenda kwa ndugu yangu bila wasiwasi, nikirudi nadungwa. Kama imechelewa, niambie. Nitakaa hapa ningoje. Ndugu yangu ataelewa."

Msemaji alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini.

"Usiende, Mama," akasema.

Mama akangoja. Sote tulingoja. Aliweka kitambaa vizuri begani, akatabasamu, tayari kwa sababu ya kwanza.

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu. Usiende."

"Leo umesahau sababu zako nyumbani," mama akasema, akacheka, akaenda kumwongezea uji.

Jioni alimwambia Njeri kwamba Msemaji ana uoga wa watu wa mjini, wanaomwambia kila mtu akae ndani. "Ingekuwa haiji angesema," alimwambia. "Huyo mtu si husema?" Hayo ndiyo yaliyomtuma Kandara. Alizoea kwamba Msemaji akiwa na neno atalitoa, kwa hiyo kunyamaza kwake akakusoma kuwa hakuna neno.

Alirudi na furaha na kanga mpya. Wiki iliyofuata alikuwa anakohoa. Wiki iliyofuata hiyo tulikuwa tunatafuta oksijeni Thika na Nairobi, na tulipoipata ilikuwa imechelewa. Alizikwa shambani kwake na watu waliovaa mavazi meupe ya plastiki, sisi tumesimama mbali. Nilikuwa nimezoea kumwona kwa mbali, lakini siku ile umbali uliniuma sana. Nililia kama mtoto na sikujali nani ananiona.

Watu walipoanza kutawanyika, baba mkwe alimfuata Msemaji hadi kwenye ua wa miiba wa kei-apple.

"Ulijua?" akamwuliza.

Msemaji alivua kofia. Nilikuwa karibu, na kusema kweli nilikuwa namwombea aseme hakujua. Nani angemsuta? Lakini Msemaji alikuwa na mwiko mmoja katika mazungumzo: kuzungusha alizungusha, kunyamaza alinyamaza, uongo hakuuleta mezani. Alitazama udongo mpya. Hakujibu. Baba mkwe alingoja kwa muda unaotosha mtu yeyote kujibu, kisha akageuka akaenda kuwaangalia ng'ombe.

Baada ya majuma kadhaa serikali ikatangaza. Nchi iliyokuwa ikitengeneza chanjo yetu ilikuwa imezuia zisitoke hadi watu wake wapate kwanza, na mzigo wetu wa pili ulikuwa haujulikani utafika lini. Baba mkwe alisikia kwenye redio, akaizima. Tangu siku hiyo jina la Msemaji halikutajwa Murera.

Nami nilikuwa katikati. Upande mmoja baba wa mke wangu, upande mwingine mtu aliyenipa huyo mke. Niliwakasirikia wote wawili, huyu kwa kunyamaza na yule kwa kununa. Siku moja nilimvamia Msemaji kwenye ua wetu.

"Si ungeniambia mimi pembeni?"

"Nikuambie nini? Mimi sijasema nilijua kitu." Alinitazama kwa macho mekundu. "Lakini naweza kukuambia vile mikataba ya hivyo huwa. Unaweka sahihi wewe mwenyewe, kama mtu, kwamba hutasema bei, hutasema mzigo unafika siku gani wala kama umechelewa. Ukifungua mdomo, wana ruhusa ya kuirudisha nchi yako mwisho wa foleni. Foleni iko na watu milioni ngapi? Wewe nikikuambia, utamwambia Njeri. Njeri atamwambia dada yake. Kesho iko kwa redio."

"Mama alikuwa mtu mmoja," nikasema.

"Najua alikuwa mtu mmoja," akasema, akaingia ndani.

Baada ya hapo aliacha kuzisemea familia. Wazazi walikuja na maombi, wengine na nyama kabisa, naye akawaelekeza kwa mwingine kule Githurai. Alistaafu bila sherehe. Kitu kimoja tu ndicho alichokishikilia. Mataifa yalikuwa yamekaa tena kuzungumza, yaandike makubaliano ya ugonjwa mwingine ukija, nani atatoa nini na nani atapata nini, na watu kama yeye walialikwa watoe maoni kwa njia ya kompyuta. Nilikuwa naenda kumrekebishia sauti. Wenzake walisema mambo marefu, hati miliki, viwanda vya Afrika, na yote ni ya maana. Zamu yake ikifika alikuwa anasema jambo moja.

"Bei ificheni kama mnaona haya. Lakini siku ya kufika isiwe siri. Mtu anayengoja ana haki ya kujua anangoja nini."

Mwenyekiti angemshukuru na kumwita mwingine. Mkutano uliofuata angesema hayo hayo, maneno kwa maneno. Nilimwambia watachoka naye. Akasema wamechoka tayari, na angalau sasa wanamjua. Kama waliliandika mahali au hawakuliandika, mimi sijui.

Mwaka huu, Jumamosi asubuhi, wakati wa kiangazi, alinipigia simu.

"Leo uko na kazi?"

"Hapana."

"Basi nipeleke Murera."

Nilidhani sikusikia vizuri. Njiani, tulipoacha lami, akasema ile karatasi aliyoweka sahihi muda wake umekwisha jana. Hakusema zaidi, wala sikuuliza. Alikuwa amekonda, na mikono aliiweka juu ya magoti kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Nilimwonea huruma, na pia niliogopa, kwa sababu baba mkwe si mtu wa kutokewa ghafla.

Tulimkuta nyuma ya nyumba akiwakatia ng'ombe majani ya nepia. Alinisalimu mimi, akauliza habari za watoto, akaendelea kukata. Msemaji alisimama hatua kadhaa kutoka kwake, jua limempiga usoni.

"Nilijua," akasema. "Siku ile Mama aliniuliza pale barazani, nilikuwa nimeshajua haiji. Nilikuwa nimeapa nisiseme, na kiapo kimeisha jana. Nimekuja kukujibu."

Panga liliendelea kupanda na kushuka.

"Muulize," baba mkwe akaniambia, "kama kiapo kingekuwa bado, angekuja?"

"Nisingekuja," Msemaji akasema kabla sijamgeukia.

Baba mkwe akachukua fungu jingine la majani, akalinyoosha juu ya gogo. Alikata lote. Mimi nilikuwa nimeanza kufikiria jinsi nitakavyomrudisha Msemaji nyumbani.

"Na hiyo ya pili ilifika lini hasa?"

"Mkivuna mahindi," Msemaji akasema. "Alienda Kandara yakiwa ya magotini."

"Huko ni mbali." Baba mkwe alisema hivyo kwa sauti ya chini, macho kwenye majani. "Mama Njeri hangengoja mpaka huko. Hata ungesema, angeenda tu. Unajua vile alipenda watu wa kwao."

Nikaelewa anachofanya. Alikuwepo barazani siku ile, mpini wa jembe mkononi, akamsikia mkewe akisema kwa kinywa chake kwamba atakaa angoje. Sasa alikuwa anamfungulia mwenzake mlango, atoke, aende zake bila mzigo. Nilimwomba Mungu Msemaji apite. Neno moja tu la kukubali, na sote tungeenda kunywa chai.

Msemaji machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Angengoja," akasema.

Baba mkwe akasimamisha panga. Akamtazama usoni kwa muda mrefu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya maziko.

"Eeh," akasema. "Angengoja."

Kisha akaipindua ndoo iliyokuwa kando yake, akaisukuma kwa mguu mpaka pale Msemaji aliposimama, akamwambia aketi.